Udongo Ndani ya Mrija

Uwanda wa Wingwi ulikuwa malisho kabla haujawa kiwanja cha ndege, na ng'ombe hawakupewa habari. Kila asubuhi walikuja wenyewe mpaka penye kamba tuliyoizungusha, wakasimama kimya wakitutazama, kama watu waliorudi safari wakaukuta mlango wa kwao umetiwa kufuli.

Watu wa Wingwi waliutoa uwanda ule mwaka wa 1937 kwa hiari yao, na waliutoa kwa sababu moja. Mtu akiugua sana kwetu, alilazwa juu ya kitanda cha kamba, wanaume wakakibeba mabegani kwa njia ya mawe mpaka Wete, na huko akangoja chombo cha kwenda Unguja. Baba yangu alibebwa hivyo. Tumbo lilimkaza baada ya sala ya alfajiri, tukatoka naye, na kabla hatujaziona paa za Wete waliokuwa mbele wakasema tukitue kitanda chini, hapana tena haja ya haraka. Kwa hiyo walipokuja wakubwa wakatwambia kwamba eropleni ingemfikisha mgonjwa Unguja kabla chai ya asubuhi haijapoa, mimi nilikuwa wa kwanza kushika panga na kufyeka.

Mpango wenyewe ulikuwa na washirika watatu. Serikali ilitoa ardhi ile tuliyoikabidhi. Kampuni moja ya ndege ya bara ilitoa eropleni na rubani. Na chuo kikuu kimoja cha Uingereza kilimleta injinia, Bwana Hollis, achunguze jambo ambalo wenye ndege wenyewe walikuwa hawalijui: chombo kilichoundwa katika nchi ya baridi kwa mbao, kitambaa, waya na mirija kingeishi vipi katika joto letu na chumvi yetu. Kila kiungo cha ndege, alinieleza, kinategemea kingine. Kitambaa kikilegea, bawa hubadilika umbo. Bawa likibadilika, waya huvutwa kuliko desturi. Waya ukivutwa, mkono wa rubani hudanganyika. Bwana Hollis hakuridhika kujua kwamba kitu fulani ni kizima. Alitaka kujua vyote vinaishije pamoja. Masika yakipita na ndege ingali inafaa, kampuni ingeanzisha safari za kudumu baina ya Tanga, Pemba na Unguja. Isipofaa, ng'ombe wangerudishiwa uwanda wao.

Mimi nilikuwa msaidizi wake na mkalimani wake. Tulitandaza vipande vya kitambaa cha bawa kwenye fremu za miti, vingine juani, vingine ufukweni, vingine chini ya paa. Tulizichovya kamba za chuma katika maji ya bahari, tukazianika, kisha tukazifungia mawe mpaka zikatike. Ndiyo maana watu walimwita Bwana Kamba. Skuli nilisoma Wete mpaka waliponiambia yatosha. Kiingereza kilichobaki na ushairi wote nilijifunza mwenyewe, na sikumruhusu mtu aniite boi. Rubani aliniita hivyo mara moja. Nilimwambia jina langu ni Jaribu bin Shaame, na tangu siku hiyo akawa analitaja lote, hata akiwa ana haraka.

Mlinzi wa banda la ndege alikuwa Pandu, mume wa dada yangu Moza. Banda tuliliezeka kwa makuti, mimi na yeye, na ubavuni mwake tukaongeza chumba cha kulala, paa likiwa hilo hilo moja, ili Pandu na mkewe wakae karibu na kazi. Pandu alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi kati ya hayo machache alikuwa ananitupia mimi.

"Shemegi," aliniambia siku moja akinisikia nikipima mizani kwa vidole, "hizo beti zako eropleni inazisikia?"

"Ikizisikia ndipo itaruka vizuri."

"Basi zisome polepole. Ikicheka itaanguka."

Moza alicheka mpaka akashika kiuno. Alikuwa mja mzito, miezi saba. Mimba mbili zilikuwa zimekwishamharibikia, na mama yetu, Bi Mwatima, alikuwa amemkataza kuteka maji, kutwanga, na hata kuinama kuwasha moto. Kwa hiyo alikaa mlangoni akishona nguo ya mtoto, akitusikiliza.

Ikaja siku ya wageni. Wakubwa wa serikali na mwenye kampuni walikuwa watoke Wete kwa motokaa, waione ndege ikiruka na kushuka, kisha waamue kama wataendelea au wataacha. Mimi nilitakiwa niwasomee shairi la kuwakaribisha. Nilikuwa nimeamka nalo mdomoni, na bado nalikumbuka ubeti wake wa kwanza:

Shuka ndege uwandani, nyasi tumekufyekea,
Ng'ombe watoke njiani, uje bila kuchelea,
Mgonjwa wa kisiwani, wewe anakungojea,
Umchukue hewani, hai apate rejea.

Asubuhi ile niliizunguka ndege kama nilivyofundishwa, nikigusa kila kitu kwa mkono. Kwenye nguzo ya bawa la kushoto kuna mrija mwembamba unaotazama mbele, mdomo wake wazi. Niliugusa, nikakuta hauna mdomo. Ulikuwa umezibwa kwa udongo mkavu, umelainishwa vizuri kama kuta za chungu.

Pandu alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Huu udongo umeuona?" nikamuuliza.

"Nimeuona."

"Tangu lini?"

"Tangu nyigu alipoanza kuubeba."

"Nawe ukanyamaza."

"Nimwambie nani? Bwana Kamba? Angetafuta waya auzibue."

Msomaji wa Pemba nitakuwa namchosha, lakini kwa wengine sina budi kueleza. Yupo nyigu mweusi, kiuno chake chembamba kama uzi, ambaye hufinyanga chumba cha udongo na kumfungia mwanawe ndani. Kwetu, nyigu huyu akijenga katika nyumba yenye mja mzito, chumba chake hakivunjwi mpaka mama ajifungue. Wazee hawakusema kikivunjwa kutatokea nini. Walisema kisivunjwe, wakaishia hapo, na watu wakakijaza kimya chao kwa hofu zao wenyewe.

"Pandu, nisikilize," nilisema. "Mrija huu ndio unaopokea upepo. Upepo ukiingia, kipimo kilicho mbele ya rubani humwambia anakwenda kwa kasi gani. Ukizibwa, kipimo kinalala. Atashuka kwa kukisia, na kiwanja chetu kifupi. Akizidisha haraka ataishia kwenye mawe. Akipunguza mno, ndege itaacha kuelea, ianguke kama nazi."

"Sikukatalii. Lakini nke wangu yumo ndani ya nyumba hii."

"Hili ni banda."

"Paa ni moja, shemegi. Tuliezeka miye na weye. Nikilala kitandani natazama makuti yale yale yaliyoifunika eropleni."

"Nyigu hajui habari za paa."

"Zile mara mbili hakuja nyigu," alisema Pandu. Sauti yake ilikuwa ya chini, wala haikuwa na ugomvi. "Safari hii kaja. Kateka udongo penye ntungi wa Moza, kaingia mlango huu, kapita juu ya kichwa changu. Miye nikasema, basi, huyu ntoto ataishi. Nnalinda vitu viwili hapa, na hicho ni kimoja."

Nilikwenda kumwita Bwana Hollis. Alipofika, Pandu alikuwa amesimama mbele ya nguzo, mgongo umeugusa mrija, mikono ameiteremsha. Bwana Hollis aliniuliza kuna nini, nami nikamfasiria yote, sikupunguza neno. Hakucheka. Nilimwangalia usoni makusudi, kwani angecheka ningemjibu, lakini hakucheka.

Nilimuuliza kama mrija ungeweza kufunguliwa ukatolewa mzima, chumba cha nyigu kikabaki salama, tukatia mrija mwingine.

"Mrija mwingine uko bara," alisema. "Na huu umeungwa kwa risasi iliyoyeyushwa mpaka ndani. Nikiukata, hakuna kuruka leo. Wageni wataondoka jioni, na sijui kama watarudi."

Nikamfasiria Pandu. Hakusogea. Kwa mbali, upande wa njia ya Wete, tulisikia honi ya motokaa ikiwafukuza ng'ombe.

Katika kisanduku cha Bwana Hollis mlikuwa na waya mwembamba uliopindwa ncha. Niliuchukua mimi. Hakuna aliyeniamuru. Nilimwambia Pandu, "Baba yangu alikufa njiani, na weye ulikuwa umeshika ntendegu wa kitanda chake," nikamweka kando kwa bega langu. Alikuwa na nguvu kunishinda, na angetaka asingesogea. Nadhani ni kule kutajwa kwa marehemu kulikomsogeza.

Udongo ulitoka ungaunga. Baada ya udongo wakatoka viwavi wadogo wa kijani, wamelegea lakini hawajafa, chakula alichomwekea mwanawe. Mwisho akatoka mwana mwenyewe wa nyigu, mweupe, laini, mdogo kuliko punje ya mpunga. Nikamweka kiganjani, na sikujua nimfanye nini.

Bwana Hollis akaupuliza mrija kwa mdomo, taratibu, naye rubani, aliyekuwa amekaa ndani, akasema mshale wa kipimo umeinuka.

Nilipogeuka, Moza alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chao. Sijui alisimama pale tangu lini.

"Umemaliza, kaka?"

"Nimemaliza."

"Basi nipe."

Akanyoosha mkono, nikampa. Akamfunika kwa vidole, akaingia ndani. Alimfanya nini, sikumuuliza siku ile na sijamuuliza mpaka leo.

Ndege iliruka. Ilizunguka juu ya Wingwi, ikaelekea Kojani mpaka ikawa ndogo kama kunguru, ikarudi ikashuka, ikasimama mbali kabisa na mawe. Wageni walipiga makofi. Nilisoma shairi langu kwa sauti kubwa, na mkubwa mmoja akaniuliza nani kanifundisha, nikamwambia hakuna. Wakakubaliana waendelee mpaka mwisho wa masika. Pandu hakuwapo kusikiliza. Alikuwa nyuma ya banda, anafagia pahali palipokwishafagiliwa.

Mvua ilianza. Kila siku tulipima kitambaa kimelegea kiasi gani, na mabawa yalivimba kwa unyevu, lakini ndege iliendelea kuruka. Hakuna aliyemtaja nyigu. Moza alishona, tumbo likakua, na mimi nikaanza kuamini kwamba jambo lile limepita na kwamba hivi karibuni Pandu atarudia kunitania.

Adhuhuri moja, mawingu yamelala juu ya minazi, nilisikia mama akiita jina langu. Nilikimbia. Damu ilikuwa imepita mkeka, imefika sakafuni. Moza alikuwa na fahamu zake, uso umemgeuka rangi ya jivu. Wanaume walikuwa wamekwishakuja na kitanda cha kamba, kwani habari kama hiyo haiitishwi, na Pandu alikuwa anazikaza kamba zake.

Mama akatoka nje. Aliutazama ukanda wa kiwanja, akaitazama mbingu.

"Jaribu, hicho chombo chenu kinaweza kwenda na mawingu haya?"

Nilimuuliza rubani. Aliangalia juu kwa muda, akasema Unguja kunaweza kuwa na mvua, lakini atakwenda.

"Humo simtii," alisema Pandu. Alisema bila kuinua macho kutoka kwenye kitanda. "Chombo kile kishatuchukulia ntoto. Simpi na nke wangu."

Nilifungua mdomo, mama akaniinulia mkono nisiseme. Akamwendea mkwewe, akachutama karibu naye.

"Pandu, mwanangu. Baba yake Moza alikwenda na kitanda kama hiki. Weye ulikuwa umeshika ntendegu. Miye nilikuwa nyuma, natembea, natazama nyayo zake zinavyotikisika. Nilitembea mpaka walipokitua. Sitembei tena."

Pandu aliendelea kukaza kamba ambayo ilikuwa imekwishakazwa. Kisha akaiachia, akaingia ndani, akatoka na Moza mikononi, wala hakumruhusu mtu amsaidie. Alimpitisha uwanjani kwenye mvua, akamlaza ndani ya ndege. Mama akapanda. Nafasi nyingine haikuwepo.

Kabla ya kuondoka nilikwenda kwenye nguzo ya kushoto, nikaugusa mrija kwa kidole. Ulikuwa wazi. Pandu aliniona. Ndege ikakimbia, ikatuacha, mawingu yakaifunga.

Tulibaki uwandani mimi na yeye. Wanaume walikichukua kitanda wakaenda zao. Ng'ombe waliingia kiwanjani kwa kuwa hapakuwa na wa kuwafukuza, wakala majani yaliyolowa huku wanatuzunguka. Maneno yalinijia yenyewe, sikuyaita: mgonjwa wa kisiwani, wewe anakungojea. Niliyasikia kama ya mtu mwingine, mtu ambaye hakuwahi kuona damu. Niliomba mgonjwa mmoja arejee hai. Pale walikuwa wameondoka wawili, na mimi katika mizani yangu niliyoipima kwa vidole sikumhesabu wa pili.

Rubani alirudi kabla ya magharibi. Alikuja kwetu kwa miguu, kofia mkononi.

"Jaribu bin Shaame," alisema, "dada yako yu hai."

Nilingoja.

"Mtoto, hapana. Alikuwa wa kiume."

Akaniambia mengine pia. Juu ya Unguja mvua ilikuwa nzito hata hakuiona ardhi vizuri, na alishuka akikitazama kile kipimo tu. Daktari alisema kondo la nyuma lilibanduka kabla ya wakati, jambo linalompata mwanamke yeyote popote, na laiti wangechelewa kidogo, Moza naye asingekuwapo. Nilimfasiria Pandu kila neno, kama nilivyofasiri siku ile, sikupunguza.

"Daktari kamwona nyigu?" akauliza.

"Hakumwona."

"Basi hajui," alisema, akaondoka.

Toka hapo hakusema nami. Kazi hakuiacha, lakini salamu alinitolea kupitia watu, na tukikutana penye kisima alingoja niteke kwanza, akitazama kwingine. Watu wa Wingwi waligawanyika. Wapo walionipa mkono na wapo walioupitisha mkono wao kwa aliyesimama nyuma yangu. Wamekwisha kuniuliza kama najuta. Sijuti. Dada yangu anapumua kwa sababu ya mrija ule, na ningeushika waya tena mbele ya Pandu na mbele ya mtu yeyote. Lakini shairi lile sikulisoma tena, na waliponitaka nitunge jingine niliwaambia watafute mtu.

Moza alirudi kwa ndege ile ile, mama kamshika mkono. Aliingia katika chumba chake kama mtu anayeingia nyumba ya kupanga.

Masika yalipokwisha Bwana Hollis alifunga uchunguzi wake. Kitambaa kilihitaji kupakwa dawa mara nyingi zaidi kuliko Ulaya, na kamba za chuma zilihitaji mafuta kila juma. Mbele ya hayo yote aliweka habari ya mrija: ndege ikilala kwenye nchi zetu, mdomo wake ufunikwe, na kifuniko kiwe chekundu, rubani asije akaruka nacho kwa kusahau. Kampuni ilikubali, serikali ilikubali, na safari za Tanga na Unguja zikapangwa. Siku ya mwisho Bwana Hollis aliniuliza kama yuko mtu wa kushona vifuniko vya kuanzia.

Nilimfikishia mama maneno hayo mlangoni kwa Moza, kwa sauti ndogo. Sikutaka Moza asikie.

"Nyekundu ninayo," alisema Moza kutoka ndani.

Mama aligeukia ndani. "Ile?"

"Ile. Imekaa bure."

Akaitoa chini ya mto wake. Kilikuwa kitambaa chepesi, kimekunjwa vizuri, pembeni kimekwishatiwa upindo mdogo wa mkono ule uliokuwa unashona mlangoni siku zile tunacheka. Alikikata mbele yetu. Akashona kifuko chembamba, kirefu kama kidole, akakitilia uzi wa kufungia. Alishona mpaka kitambaa kikamalizika, na vifuko vingine Bwana Hollis akavichukua kwenda navyo Tanga na kwingine bara. Kimoja kilibaki Wingwi. Watu wakakiita kofia.

Amri ya kampuni ilikuwa kwamba mlinzi ndiye atakayeivua kofia, amwambie msaidizi, kazi niliyobaki nayo mimi, na msaidizi amwambie rubani. Kwa hiyo asubuhi ya safari ya kwanza Pandu alikwenda kwenye nguzo ya bawa la kushoto, nami nikasimama mahali pangu. Alikifungua kifundo polepole. Akaivua kofia, akachungulia mrijani, akaikunja mara mbili na kuitia katika mfuko wa kifuani. Ndipo akaja, akasimama mbele yangu. Macho yake yalikuwa kwenye bawa.

"Kofia nimevua, shemegi," alisema.

Nikamwinulia rubani mkono.